Siri ya Mtungi Muulize Kata: Tunajifunza Nini kwa Toph na Babake?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Mtungi unaweza kukaa pembeni mwa nyumba miaka na mikaka, wageni wakaja na wakaenda, kila mmoja akausifu kwa nje. Lakini kata ndiyo inayoingia ndani kila siku, nayo ndiyo ijuayo kama maji yamejaa ama yamebaki ya kulowesha kidole, kama ni safi ama yameingia viluwiluwi.

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mdahalo. Hoja ilikuwa: Mtoto anayemficha mzazi wake siri ni mtoto mpotovu. Lo! Siku hiyo ukumbi ulichemka kama chungu cha githeri. Upande wa kuunga ulisema mzazi ni Mungu wa pili, humfichi kitu. Upande wa kupinga ukauliza, je, mzazi akiwa simba, utamwambiaje kwamba umemkanyaga mkia? Kengele ililia kabla hoja haijapata mshindi, na sisi wa kutwa tukakimbilia magari. Nimeitafakari hoja hiyo tangu wakati huo, na sasa naleta shahidi ambaye hakuwa ukumbini. Shahidi wangu ni hadithi ya katuni. Tafadhali usicheke. Wengi hudhani katuni ni ya watoto wa chekechea, ya kutazamwa huku mtu anakunywa uji. Mimi nasema ukiichambua kwa vifaa vile vile tunavyotumia kuchambua tamthilia na riwaya teule, utavuna zaidi ya ulivyopanda.

KATUNI YENYEWE

Kipindi chenyewe kinaitwa Avatar: The Last Airbender. Kilitungwa na Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, kikaonyeshwa na kituo cha Nickelodeon kuanzia mwaka wa 2005 hadi 2008. Kina sehemu 61. Ulimwengu wake ni wa kubuni, lakini mavazi, majengo, maandishi na mitindo ya kupigana imechotwa sana kutoka bara la Asia, hasa Uchina. Kuna mataifa manne: la Maji, la Ardhi, la Moto na la Hewa. Baadhi ya watu wa kila taifa huzaliwa na uwezo wa kuiamrisha asili yao. Wa Ardhi huamrisha udongo na mawe, wa Maji huamrisha maji, na kadhalika. Mhusika mkuu ni Aang, mvulana wa miaka 12, ambaye anapaswa kujifunza asili zote nne ili akomeshe vita.

Sehemu ninayoizungumzia ni The Blind Bandit, yaani Jambazi Kipofu, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 2006. Mimi niliitazama kwa kompyuta ya binamu yangu wakati wa likizo, mara tatu mfululizo, hadi akaniuliza kama nalipwa.

MUHTASARI WA KISA

Aang na wenzake wawili, Katara na kakake Sokka, wanafika katika mji wa Gaoling wakitafuta mwalimu wa kumfundisha Aang kuuamrisha udongo. Wanasikia kuna mashindano ya mieleka ambapo watu hurushiana mawe, nao wanaenda kutazama. Bingwa anapoingia ulingoni, hawaamini macho yao. Ni kasichana kembamba ka miaka 12, tena haoni tangu kuzaliwa! Jina lake la ulingoni ni Jambazi Kipofu. Jitu lenye misuli kama magunia ya viazi linasita kupigana naye kwa huruma. Kufumba na kufumbua, jitu liko nje ya ulingo. Aang anapanda ulingoni akitaka tu kuzungumza naye, lakini mwishowe anamsukuma kwa upepo. Msichana anaanguka nje na kwenda zake kwa hasira.

Siku inayofuata wanamsaka. Aang aliwahi kuona njozi ya msichana na nguruwe mwenye mabawa. Anaambiwa nguruwe huyo ni nembo ya ukoo wa Beifong, matajiri wakubwa wa mji. Lakini, wanaongezewa, akina Beifong hawana binti. Kumbe wanaye! Anaitwa Toph. Babake, Lao, na mamake, Poppy, wamemfungia ndani ya kuta kwa sababu wanaamini kwamba mtoto asiyeona atavunjwavunjwa na ulimwengu. Hata supu ya Toph baba anaagiza ipozwe kwanza isije ikamchoma. Mwalimu wake, Bwana Yu, anamfundisha masomo ya mwanzo mwanzo tu. Mbele ya wazazi Toph huongea kwa sauti ndogo na kujifanya mnyonge. Usiku hutoroka kwenda kuwabwaga wanaume.

Usiku Toph anamtobolea Aang siri. Anaona kwa miguu. Kila kitu kinachotikisika ardhini, hata sisimizi anayetembea, yeye anakihisi. Aang anamuuliza mbona basi asiondoke. Toph anajibu kwamba hao ni wazazi wake, sasa aende wapi?

Kabla mazungumzo hayajaisha, wote wawili wanatekwa na Xin Fu, msimamizi wa mashindano, anayedhani walikula njama kumpora dhahabu ya zawadi. Anadai vipande 500 vya dhahabu. Lao anavileta na Toph anaachiliwa, lakini Aang anazuiliwa. Katara anamsihi Toph awasaidie. Baba ndiye anayejibu kwa niaba ya binti: haoni, ni mdogo, ni dhaifu, hawezi. Hapo Toph anauachilia mkono wa babake na kusema anaweza. Anawageukia wanamieleka wote peke yake na kuwafagia kama makapi, baba akiwa kinywa wazi.

Nyumbani, Toph anakiri yote. Anasema anapenda kupigana na anajua kupigana. Anasema amewaficha wazazi maisha yake, lakini na wao wamemficha yeye kwa dunia nzima, hadi amefika miaka 12 bila rafiki wa kweli. Anaomba ukweli huu usipunguze mapenzi yao. Baba anajibu kwamba mapenzi hayajapungua, ila sasa ametambua kosa lake: amempa mtoto uhuru kupita kiasi! Kuanzia leo atalindwa saa 24. Ala! Toph anatoroka na kuwafuata akina Aang, akiwaambia eti babake amebadilisha mawazo na kumruhusu asafiri. Naye Lao anawakodi Xin Fu na Mwalimu Yu wamrudishe, akidai mwanawe ametekwa na Aang.

WAHUSIKA

Mwalimu wetu hutuambia sifa bila tendo ni deni. Ukiandika kwamba mhusika ni jasiri, lazima uonyeshe alipofanya ujasiri. Tufuate kanuni hiyo.

Lao Beifong. Wenzangu niliowasimulia kisa hiki walisema ni katili. Mimi nakataa. Katika sehemu nzima hamchapi mtoto, hamnyimi chakula, wala hamtusi. Anabeba dhahabu mwenyewe kwenda kumkomboa. Huyu ni mpenda mwanawe. Ukali wake ni woga uliovaa kanzu ya sheria. Hata hivyo ana kasoro moja kubwa: hasikii. Mtoto anamweleza mambo kwa unyenyekevu, naye anatoa uamuzi uliokuwa kichwani mwake tangu zamani. Tofauti kati ya katili na asiyesikia ni muhimu, kwa sababu dawa zao si moja. Katili unamkimbia. Asiyesikia unamtafutia namna ya kumsikizisha.

Poppy, mama. Anasema machache. Katika baraza la mwisho hamkatizi mumewe wala kumtetea binti. Mwandishi wa hadithi akimweka mhusika kimya mahali ambapo mama angetarajiwa kusema, kimya hicho nacho ni ujumbe.

Mwalimu Yu. Huyu ndiye kata ambayo haijagusa maji. Amemfundisha Toph muda wote huo bila kujua kwamba mwanafunzi amempita kwa mbali. Kwa nini? Kwa sababu alishaambiwa mapema kwamba mtoto hawezi, naye akafundisha alivyoambiwa.

Toph. Ni jasiri na mjanja, hilo halina ubishi. Lakini pia ni mpweke na mwenye mapenzi kwa wazazi. Ithibati ni kwamba angeweza kuondoka kitambo na hakuondoka. Na katika sehemu nyingine, The Runaway ya mwaka wa 2007, anamwomba Katara amsaidie kuwaandikia wazazi wake barua. Mtoto asiyewapenda wazazi haombi kalamu.

MBINU ZA KISANAA

Kwanza, kinaya. Mtazamaji anajua siri ambayo Lao haijui, basi kila neno la Lao linageuka. Anaposema mtoto hawezi, sisi tulishamwona akilitupa jitu. Kinaya kikubwa zaidi ni cha macho. Asiyeona anamhisi sisimizi kwa unyayo, ilhali mwenye macho mawili mazima hamwoni binti anayeketi naye mezani.

Pili, majazi. Jina Jambazi Kipofu limebeba pande mbili za Toph. Kipofu ndilo neno ambalo watu walimpa ili wamhurumie, naye akaliokota na kulifanya la kuogopwa.

Tatu, taharuki. Kwenye chakula cha jioni Aang anakaribia kumwaga mtama penye kuku wengi. Kila anapofungua kinywa, Toph anamgonga chini ya meza. Tunacheka, lakini roho ziko juu.

Nne, mbinu rejeshi. Katika sehemu ya mwaka wa 2008 iitwayo The Firebending Masters, Toph anasimulia alivyojifunza. Akiwa mdogo alitoroka nyumbani akajificha pangoni, akakutana na wanyama wakubwa mfano wa fuko, ambao nao hawaoni. Wao ndio waliomfundisha. Mwalimu wa kulipwa alishindwa, wanyama wa pangoni wakaweza, kwa sababu wao hawakuambiwa kwamba hawezi.

Tano, jazanda ya chuma. Waamrisha udongo hawakuwa na uwezo juu ya chuma. Mwisho wa mwaka wa 2006, katika sehemu iitwayo The Guru, watu waliokodiwa na Lao wameshamnasa Toph na kumfungia ndani ya sanduku la chuma. Humo ndani anagundua kwamba chuma nacho kimetoka ardhini na bado kina chembe za udongo. Anakipinda na kutoka, wa kwanza kabisa kufanya hivyo. Kwa hivyo sanduku lililolipiwa na baba ndilo lililomfundisha mtoto kuvunja sanduku. Hili liwe fikira ya kila mzazi na kila mlezi: ukizidisha kufuli, unamlea fundi wa kufuli.

MSAMIATI: SIRI, KIMYA, FARAGHA NA UONGO

Nadhani mdahalo wetu ulikwama kwa sababu tulitumia neno siri kana kwamba lina maana moja. Hebu tupambanue.

Kimya ni kutosema jambo ambalo hujaulizwa. Ukirudi nyumbani na usisimulie kila kitu kilichotokea darasani, hujamkosea mtu.

Faragha ni eneo lako ambalo mwingine anapaswa kubisha hodi kabla ya kuingia. Shajara yako ni faragha. Hata mzazi ana faragha yake.

Siri ni jambo ambalo unalilinda kwa makusudi ili mtu fulani asilijue. Hapa tayari umechukua kazi, maana siri hulindwa mchana na usiku.

Uongo ni kusema lisilokuwepo ili mtu aamini.

Sasa itazame ngazi aliyoipanda Toph. Alianza kwa kimya: hakusema alichojifunza pangoni. Kimya kikawa siri: akatoroka usiku. Siri ikahitaji maigizo: akajitia hamnazo mezani kama asiyeweza hata kuinua kijiko. Maigizo yakaishia uongo: akawaambia marafiki eti babake amemruhusu. Angalia jambo hili kwa makini. Uongo huo wa mwisho hakumwambia babake mkali. Aliwaambia marafiki, watu wasio wakali hata kidogo. Mkono ukizoea kuficha, hauchagui wa kumficha. Hapo ndipo upande wa kuunga hoja ulikuwa na la maana, ingawa walilisema kwa makelele.

NANI ALAUMIWE?

Upande wa kupinga nao watauliza, je, angefanya nini? Alisema ukweli, akaongezewa walinzi! Ni kweli. Siwezi kudanganya hapa eti ukisema ukweli milango yote itafunguka. Kuna mvulana wa kijiji chetu aliyemweleza babake kwamba anachezea timu ya mtaani. Viatu vyake vya mpira vilitiwa kwenye moto wa jikoni jioni ile ile. Ukweli si dawa ya maumivu ya kichwa kwamba ukimeza utapoa baada ya nusu saa.

Lakini tazama wakati Toph aliposema. Alisema baada ya kufumaniwa, usiku ambao babake ametoka kumkomboa kutoka kwa watekaji. Moyo wa Lao ulikuwa bado unadunda. Ukimweleza mtu habari ya uhuru wakati mikono yake ingali inatetemeka, atasikia hatari peke yake. Ukweli uliosemwa kabla ya kufumaniwa ni habari. Ukweli uliosemwa baada ya kufumaniwa huonekana kama utetezi.

Jambo la pili, Toph hakuwa na mtu wa kati. Hakuna shangazi katika kisa hiki. Hakuna nyanya, hakuna mjomba, wala jirani wa kuitwa. Mama yuko kimya, mwalimu ni wa kulipwa. Ni mtoto upande huu, baba upande ule, na katikati hakuna daraja. Sisi mila zetu zilitupa watu wa kati. Mambo ambayo huwezi kumwambia baba unampelekea shangazi, naye anajua saa ya kuyasema na sauti ya kuyasemea. Siku hizi tumewaacha mashangazi wakae kwenye harusi tu, wagawe soda.

Jambo la tatu ni la hatari. Toph alipotekwa, wazazi hawakujua huwa anaenda wapi wala na nani. Walijua kwa barua ya kudai kikomboleo. Bila barua hiyo wangeanzia wapi kumtafuta?

Basi nani wa kulaumiwa? Mimi nagawa lawama, lakini siigawi nusu kwa nusu. Aliyeanza kuficha ni mzazi. Mji mzima uliamini hana binti. Mtoto aliyefichwa alijifunza kuficha, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

SISI WA KUTWA

Mwanafunzi wa bweni akitaka kuwaficha wazazi jambo, ana miezi mitatu. Sisi wa kutwa tunatazamwa usoni kila jioni. Kila jioni unaulizwa mbona umechelewa, viatu vina matope ya wapi, nani yule mlikuwa mnaongea naye kwa stendi. Ndiyo maana nasema hoja hii ni yetu hasa.

Baba yangu ni mtu wa saa. Sheria yake ni kwamba saa kumi na moja na nusu niwe nimefungua lango, mvua inyeshe, gari liharibike. Mwaka huu nilichaguliwa kughani katika kikundi chetu cha tamasha, na mazoezi ya Alhamisi huisha saa kumi na mbili. Wenzangu walinishauri niseme kuna masomo ya ziada ya hisabati. Nilienda kwa shangazi Jumamosi, nikamweleza yote kabla sijahudhuria hata zoezi moja. Shangazi alinisikiliza huku anachambua mboga, kisha akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimewahi kujiuliza: baba yako anaogopa nini hasa?

Kumbe si kughani anakokuogopa. Ni ile njia ya kutoka stendi, pale kwenye mikaratusi, ambapo msichana wa jirani aliwahi kuvamiwa jioni akanyang'anywa kila kitu. Shangazi alipozungumza na baba, hakumwambia kwamba mtoto anahitaji uhuru. Alizungumza juu ya njia. Baba alinyamaza siku mbili. Alhamisi alikuja shuleni, akaketi nyuma ya ukumbi, akatazama mazoezi, akaondoka bila kusema lolote. Jioni aliniambia neno moja tu: ukishuka kwa gari, utanikuta stendi. Hadi leo kila Alhamisi namkuta hapo, amesimama na tochi. Sheria ya saa kumi na moja na nusu haijafutwa. Siku nyingine zote ingali pale pale.

Sisemi kila baba atakuja na tochi. Nasema tu kwamba Lao Beifong hakuwahi kuulizwa anaogopa nini, wala yeye hakujiuliza.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, itambue siri yako iko ngazi gani. Ikiwa ni kimya ama faragha, usijihukumu bure. Ikiwa imeanza kuhitaji maigizo na uongo, jua imeanza kukutawala.

Pili, tafuta hofu iliyo chini ya ukali. Kila sheria ya nyumbani ina kisa chake, na mara nyingi kisa hicho hujawahi kusimuliwa.

Tatu, sema mapema, saa ambayo moyo wa mzazi umetulia. Mtafute mtu wa kati mwenye hekima. Ukikosa shangazi, yuko mwalimu wa ushauri nasaha.

Nne, hata ukiamua kunyamaza, kuwe na mtu mzima mmoja mwaminifu anayejua uko wapi. Mtoto asiyejulikana aliko hana wa kumtafuta.

Tano, na hili nalikaza: kuna siri ambayo si ya kuwekwa hata siku moja. Mtu mzima akikuumiza, akikugusa vibaya ama akikutisha, kisha akakwambia usimwambie mtu, hiyo si siri yako. Ni uovu wake anaotaka umbebee. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mtu unayemwamini, na ukikosa, piga nambari 116 ya kusaidia watoto nchini mwetu. Haitozwi pesa.

Sita, kwa wazazi wetu, kwa kuwa gazeti hili hufika nyumbani. Kwa heshima na taadhima, mtoto akikuletea ukweli, usimlipe kwa adhabu siku hiyo hiyo. Ukifanya hivyo atajifunza somo, lakini si lile ulilotaka. Atajifunza kwamba ukweli una bei, na kesho atanunua kitu rahisi zaidi.

Huenda msomaji ungependa kujua kama Toph na babake walipatana. Katika vitabu vya michoro vilivyoendeleza hadithi hii, kile kiitwacho The Rift cha mwaka wa 2014, wanakutana tena. Mwanzoni baba anamkana, hataki hata kumtambua kama mwanawe. Wanapatana baada ya kukwama pamoja chini ya ardhi, mgodi ulipoporomoka na Toph akauzuia usiwafunike. Wasomaji walingoja miaka, na ilibidi mlima uanguke ili baba asikie. Sisi tusingoje mlima.

ZOEZI

Jaribu maswali haya na umpe mwalimu wako asahihishe.

1. Lao Beifong ni mhusika mkali lakini si katili. Jadili kwa kutoa ithibati. (alama 10)

2. Eleza aina mbili za kinaya katika kisa hiki. (alama 4)

3. Tunga sentensi moja moja kuonyesha tofauti ya maana kati ya siri, faragha na uongo. (alama 6)

4. Tumia misemo hii katika sentensi: kutoboa siri, kujitia hamnazo, kumwaga mtama penye kuku wengi. (alama 6)

5. Andika insha itakayothibitisha ukweli wa methali: Mficha maradhi kifo humuumbua. (alama 20)

TAMATI

Nikitia nanga, narudi kwa mdahalo wetu. Hoja ya kwamba mtoto anayeficha siri ni mpotovu naipinga, si kwa sababu kuficha ni kuzuri, bali kwa sababu inamtazama mmoja na kumwacha wa pili. Kata haiwezi kujua siri ya mtungi ikiwa mtungi umefunikwa kwa jiwe, na mara nyingine aliyeweka jiwe ndiye mwenye kiu. Napendekeza kwa viongozi wa chama kwamba mdahalo wa muhula ujao uwe na hoja hii: Masikio ya mzazi ndiyo ufunguo wa kinywa cha mtoto. Mimi nimeshachagua upande. Wewe je? Jiandikishe mapema kwa katibu, maana nafasi ni chache na safari hii kengele isitukute katikati.